Redio ilisema tunashinda: yaliyotukuta sisi wa Bombo mwaka 1979

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne lazima kijana mmoja hapa Kibra, Nairobi, aniulize, mzee, wewe ulikuwa Uganda Amin akianguka, ilikuwaje? Na mimi huwa najibu kwa ufupi kwa sababu stori yenyewe haina ushujaa, hatukupigana, tulikimbia, na hata kukimbia kwenyewe tulichelewa. Juzi mjukuu wa dada yangu akaniambia babu andika, kuna watu wako kwenye nchi zinatikisika sasa hivi na hawajui wafanye nini. Bas wacha niandike vile naweza, mkiona naruka huku na kule mnivumilie.

Sisi ni Wanubi wa Bombo. Kama huijui Bombo, ni mji mdogo njia ya kutoka Kampala kwenda Gulu, maili 20 na kitu hivi, kuna kambi ya jeshi na kuna sisi, wajukuu wa askari waliotoka Sudan zama za Waingereza. Ndugu zetu wengine ndio hawa wa Kibra, wazee wao walikaa hapa kwa sababu ya utumishi wa KAR, jeshi la Waingereza la zama za ukoloni. Amin alikuwa Mkakwa lakini alijihesabu mtu wetu na sisi tukamhesabu wetu, na alipochukua serikali Januari 1971 milango mingi ilitufungukia. Baba yangu alikuwa askari mstaafu wa cheo kidogo tu, lakini Wahindi walipopewa siku 90 waondoke mwaka 1972 naye akapata duka Wobulenzi. Alipewa hivihivi, funguo, mizani, na magunia ya chumvi ndani. Juu ya mlango kulikuwa na jina la mwenyewe, mzee akalipaka rangi ya buluu, lakini jua likiwa kali bado ulikuwa unaweza kulisoma chini ya ile rangi. Watu walituita mafuta mingi, yaani matajiri wa mali ya kupewa. Nasema hili mapema kwa sababu nimesikia wengi wakisimulia vile walinyang'anywa mali yao na hawasemi waliipataje. Na si baba peke yake, haboba wangu (sisi Wanubi bibi tunamwita haboba) mcha Mungu vile alivyokuwa, sukari ya lile duka aliinywa kwenye chai miaka sita na hakuuliza kitu.

Vita ilipoanza mwisho wa Oktoba 1978 kwetu ilikuwa kama mpira. Jeshi limeingia Tanzania, limechukua nchi yote mpaka mto Kagera, watu wakashangilia barabarani. Amin akasema yuko tayari kumaliza mambo na Nyerere kwa ndondi, Muhammad Ali awe refa, sisi watoto tulicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa na miaka 15. Hakuna aliyetuambia kwamba kule ng'ambo raia wanauawa na ng'ombe wao wanasombwa, wala kwamba Nyerere ameshawatangazia watu wake ana uwezo wa kumpiga, ana sababu na ana nia. Hilo nililijua miaka mingi baadaye. Watanzania wakarudisha Kagera, Januari wakavuka mpaka hapo Mutukula, mwezi wa pili tarehe 24 wakachukua Masaka, kesho yake Mbarara. Baba anasema ni mtego, wanaachiwa waingie ndani ndio wazungukwe. Alikuwa na redio ya betri, na betri siku hizo zilikuwa ghali kuliko nyama, alizianika juani ili zirudishe nguvu. Alisikiliza stesheni moja tu, ya serikali. Msemaji wa jeshi akisema adui amepigwa, mzee anaitikia kwa kichwa kama yuko msikitini.

Mwezi wa tatu katikati ndugu yangu mkubwa akarudi. Alikuwa jeshini. Alikuja usiku, miguu mitupu, amevaa shati la raia linalombana, na bunduki ameifunga kwenye gunia la mkaa. Alitoka Lukaya. Hapo ndipo Walibya waliletwa kuja kutusaidia, na akasema walikuwa hawaijui nchi, ile barabara inakata kinamasi, huna pa kwenda kushoto wala kulia, na zile roketi tulizokuja kuziita saba saba zikianza, mtu hangoji kuambiwa. Alikaa pale kwenye mkeka akamwambia baba, "Mzee, imekwisha. Peleka watu Arua." Hakulia, alisema tu taratibu kama mtu anasoma barua ya mtu mwingine.

Baba alimwita mwoga. Alimwambia redio leo asubuhi imesema tunashinda, wewe umekimbia halafu unakuja kuogopesha mama zako. Ndugu yangu hakujibu. Asubuhi hakuweko. Mama aliona ile bunduki na magwanda yamebaki chini ya kitanda, na usiku uliofuata alivitupa vyote kwenye choo cha shimo, peke yake, bila kumuuliza mtu. Nawaambia, katika mambo yote yaliyofanywa na sisi mwaka huo hilo ndilo la akili zaidi. Kitu chochote cha jeshi kikikutwa kwako siku ya mageuzi, hata mkanda, hata buti la mtoto kuchezea, hakuna atakayengoja maelezo yako. Na kumbuka anayepekua ni wa pande zote mbili, wanaokimbia na wanaokuja.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni hilo: mtu aliyetoka kuona kwa macho alifukuzwa nyumbani kwa sababu ya sauti ya redio. Tulipoteza wiki nne hapo. Wiki nne ambazo barabara ilikuwa wazi na petroli ya magendo bado inapatikana, na hata ungeweza kuuza vitu kwa bei ya maana.

Kuna mwingine alitujaribu pia. Jirani yetu mwalimu, Mganda, mtu mpole sana, yeye alikuwa anasikiliza BBC ya Kiswahili usiku amejifunika blanketi na redio yake. Siku moja, kama mwisho wa mwezi wa tatu, akamwambia baba, "Mzee, hii likizo si muwapeleke watoto wakasalimie wajomba zao Arua?" Hapo wale Waganda waliokuwa nje wameshakutana Moshi na kuunda serikali yao, yeye alishajua, sisi hapana. Baba akajibu kwamba shule haijafungwa. Mwalimu akasema ah, kweli, akaenda zake. Kwenye serikali kama ile hakuna mtu atakuambia kimbia kwa neno kimbia, angepelekwa Nakasero, kwa mashushushu wa Amin, na asirudi, atakuambia habari ya likizo, habari ya wajomba, habari ya "hewa ya kule ni nzuri". Jifunzeni kuisikia lugha hiyo. Mtu asiyekupenda sana akikushauri usafiri, basi safiri.

Na kama hutaki kusikia watu basi angalia magodoro. Hili nimelifikiria sana. Mwezi wa tatu mzima malori ya jeshi yalikuwa yanapita Bombo kwenda kaskazini, na mimi na wenzangu tulikuwa tunayahesabu kwa mchezo. Yalibeba friji, makochi, magodoro, na wake za maofisa wamekaa juu na vitambaa vya kichwani. Hakuna lori lililobeba risasi likienda kusini. Sisi watoto tuliona, tukasema hata nyumbani, baba akasema ni uhamisho. Redio inaweza kusema chochote lakini mke wa ofisa hawezi kupanda juu ya lori na godoro lake kama mambo ni mazuri.

Mwezi wa nne ulipoingia mizinga ilianza kusikika usiku. Ule ni mwezi wa mvua, kwa hiyo ukitaka kujidanganya unasema ni radi. Tulisema ni radi. Entebbe ilichukuliwa tarehe 7. Watu wa sokoni Wobulenzi waliacha kukopesha, halafu wakaacha kupokea noti zenye sura ya Amin isipokuwa kwa bei mara mbili, halafu mama mmoja muuza ndizi akanikatalia kabisa, akasema niletee sabuni ndio nikupe. Yule mama hakuwa na redio. Alijua.

Tarehe 11, Jumatano, redio ilikuwa inapiga muziki tu. Baadaye ikaja sauti mpya kwa Kiingereza, ni Oyite-Ojok, kamanda wa Waganda waliopigana pamoja na Watanzania, anasema serikali ya Amin imeanguka na Kampala iko mikononi mwa majeshi ya ukombozi. Stesheni ileile, mahali palepale kwenye mshale. Na sasa sikilizeni hii. Baba yangu, ambaye ile redio hakuwahi kuibishia siku hata moja kwa miaka minane, akasema, "Huyo ni Dar es Salaam, wameigiza stesheni yetu." Akaenda kuswali. Alirudi akakaa kimya muda mrefu, halafu tukaona mtu wa kwanza anakimbia barabarani na sufuria kichwani, wa pili, halafu barabara yote ikajaa.

Tuliondoka usiku huo kwa lori la binamu wa mama. Kwa petroli mzee alitoa nusu gunia la sukari. Haboba alikataa kupanda. Alisema yeye amezaliwa Bombo na mumewe amezikwa Bombo, na magoti yake hayapandi lori, waje hao Watanzania wamle kama watamla. Tulimbembeleza, tukalia, mama akashika miguu yake, hakutoka. Tukamwachia chumvi, unga, na ile redio. Kumwacha mtu mzima nyuma ni kitu hakikutoki, na ukikifanya usitafute maneno ya kujitetea, ulimwacha tu.

Kila mtu alibeba alichoona ni cha thamani. Baba alibeba pesa, noti zimepangwa ndani ya gunia la unga na unga juu yake. Alibeba pia mkoba wa picha zake na cheti cha duka. Mama alibeba kichwa cha cherehani, kile cha juu tu, meza aliiacha, na mche wa sabuni na chumvi na sukari iliyobaki. Baba akamcheka, sisi tunakimbia na wewe unabeba cherehani. Mimi nilibeba mpira na viatu vya shule mkononi ili visichafuke, miguuni nimevaa ndala. Cheti changu cha kumaliza shule ya msingi kilikuwa kwenye kabati, hatua tatu kutoka niliposimama. Hakuna aliyekikumbuka. Kile cheti kimenigharimu maisha mpaka leo, kwa maana niliambiwa Sudan rudia, nikaambiwa na Kenya rudia, na nikiwa na miaka 20 na ndevu nilikuwa nimekaa dawati moja na watoto. Kwa hiyo kama unasoma hii na unaishi mahali hapaeleweki, vyeti vya watoto viweke mfuko mmoja wa plastiki, karibu na mlango, leo. Siku hizi mnaweza kupiga picha kwa simu, lakini simu ndiyo ya kwanza kunyang'anywa, kwa hiyo na makaratasi pia.

Kosa la pili lilikuwa kufuata msafara wa wanajeshi. Baba aliona usalama uko pale penye bunduki, ni askari wetu, tunajuana. Kumbe askari anayekimbia hana ndugu. Kabla ya mto Kafu walitusimamisha, walikuwa labda 10, na tulikuwa tunajua jina la mmoja wao, alikuwa anakuja kwetu kula sikukuu. Walichukua lori. Hawakupiga mtu, walisema tu shukeni, na yule anayetujua alikuwa anaangalia pembeni. Tukabaki pale usiku na mizigo yetu. Tangu siku hiyo nikisikia watu wanasema wamepata lifti ya wanajeshi nawaambia shukeni, kwa sababu msafara wa jeshi ndio unaopigwa na ndege, ndio unaoviziwa na wanakijiji, na mafuta yakiisha wewe ndiye wa kwanza kushushwa.

Tulitembea siku mbili. Na kuna kitu kingine tulikijua njiani. Huku mbele ni nchi ya Walangi na Waacholi, watu ambao Amin aliwaulia vijana wao jeshini tangu 1971. Walikuwa na hasira na haki ya kuwa nayo. Mama akatuambia kuanzia sasa Kinubi marufuku, na Kiswahili pia marufuku, maana Kiswahili Uganda kilikuwa lugha ya kambi, lugha ya rodibloki na ya mateke. Sisi lugha nyingine ya kuombea maji tulikuwa nayo Kiganda kidogo tu. Baba akachoma picha zake zote za jeshi nyuma ya mti karibu na Karuma, na ile ya siku amepeana mkono na mkubwa fulani aliishika kwanza muda mrefu. Tukavuka daraja la Karuma kwa trela la pamba, halafu Pakwach, halafu Arua. Jumla siku 6, safari ambayo lori la kawaida linamaliza kwa siku moja na usiku.

Arua ilikuwa imejaa mpaka watu wanalala makaburini. Kila mtu ana uvumi wake. Amin anakusanya jeshi jipya, Amin yuko Jinja, Amin yuko Libya. Baba alikuwa anatoka asubuhi kutafuta habari na kurudi na ile anayoipenda. Kumbe Kampala rais mpya, Lule, ameshaapishwa tangu tarehe 13, Ijumaa Kuu ya Wakristo, na Jinja nayo ilikwenda tarehe 22. Tulikaa Arua wiki tano tukingoja kurudi, na hizo wiki tano ndizo zilizotuponza kuliko bunduki.

Mdogo wetu wa mwisho, msichana, miaka minne, alianza kuhara. Maji tulikuwa tunateka bondeni pamoja na watu maelfu, hatukuchemsha, kuni zilikuwa za kununua. Wazee wakasema asipewe maji mengi, yatamzidishia. Tukamnyima maji. Siku ya tatu macho yaliingia ndani na ngozi ukiivuta hairudi. Alifia njiani kwenda Koboko, mgongoni kwa mama, na mama alitembea naye muda gani kabla hajajua sijui, hakutuambia.

Miaka 7 baadaye nilikuwa kibarua kwenye kliniki moja, nikamwona nesi anafundisha kina mama: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, visawazishwe juu, nusu kijiko kidogo cha chumvi, mpe mtoto kidogo kidogo anavyohara. Ni hivyo tu. Sukari na chumvi. Sisi familia ya duka la sukari na chumvi, tulizibeba mgongoni kutoka Bombo, zilikuwa kwenye mfuko umbali wa mkono. Nilitoka nje ya ile kliniki na sikurudi kazini siku hiyo. Andikeni hiyo hesabu mahali, mfundishe kila mtu nyumbani, ikifika siku ya kukimbia itakuwa na faida kuliko pesa.

Maana pesa wacha tu. Tulivuka mpaka wa Kaya kuingia Sudan mwisho wa mwezi wa tano, Watanzania wakafika mpaka wa kule tarehe 3 mwezi wa sita na vita ikaisha. Yei baba alifungua gunia lake la unga. Hakuna mtu aliyezitaka. Kwanza walibadilisha kwa hasara kubwa, halafu kwa matusi, halafu serikali mpya Kampala ikatoa noti zisizo na sura ya Amin na zile zetu zikawa karatasi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anatengenezea vishada. Na kile kichwa cha cherehani baba alichokicheka, fundi mmoja wa Kidinka akakitengenezea meza ya mbao za masanduku, kikatulisha miaka minne. Mama alishona sare za shule, mashuka, mpaka sanda. Sabuni ndiyo ililipa kodi ya kwanza. Kwa hiyo nikiulizwa mtu abebe nini huwa nasema beba kitu kinachofanya kazi au kitu ambacho kila mtu anakimaliza kila siku, na viatu vya kweli miguuni, si mkononi kama mimi.

Ndugu yangu mkubwa tulimkuta hapo Yei, anauza chai. Alitangulia kwa zile wiki nne, alikuwa na kibanda, ana jiko, anajuana na watu. Alimpa baba kiti. Hawakuzungumza habari ya ule usiku, si siku hiyo wala nyingine nilipokuweko. Baba alikunywa chai yake na akataka kulipa, ndugu yangu akakataa, baba akaacha ile noti ya Amin juu ya meza, na mimi mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Habari za haboba tulizipata 1983 na mimi nilizisikia kwa mdomo wake mwenyewe nilipopita Bombo kuja huku Nairobi. Watanzania waliingia siku chache baada yetu. Yeye alikuwa amekaa mlangoni na tasbihi, anangoja kuchinjwa, maana ndivyo redio ilivyosema watafanya. Akaja kijana mmoja, vumbi mpaka kwenye kope, bunduki begani, akamwinamia akasema, "Shikamoo bibi, tunaomba maji." Haboba anasema alisahau kujibu. Miaka minane askari wanaongea Kiswahili pale Bombo na hakuna aliyewahi kumwambia shikamoo. Aliwapa maji, kesho yake akawapikia chai, wakawa wanakuja, yeye anawasahihisha maneno na wao wanamsahihisha. Watu wote walikuwa wanawaita Wakombozi, yeye aliwaita watoto.

Lakini msije mkasema bas wangekaa wote. Wale vijana walipoondoka, majirani ndio waliokuja. Waling'oa mabati, milango, mpaka mti wa limao waliukata. Mahali pengine Uganda ilikuwa mbaya zaidi, kule Ankole Waislamu waliuawa familia nzima mwaka uleule. Haboba alipona kwa sababu yule mwalimu wa BBC alimweka jikoni kwake miezi mitano na kuwaambia watu ni mfanyakazi wake. Kama baba na ndugu zangu wangekuweko asingeweza kuwaficha. Kwa hiyo mimi sina jibu la nani akae na nani aende, najua tu kwamba hatari haikuja siku ile mizinga ilipolia, ilikuja baadaye, baada ya askari wenye nidhamu kupita na kabla ya serikali kukaa. Ukibaki, ujue ni nani atakufungulia jikoni lake. Na ulishawahi kumfanyia nini.

Duka nililiona 1995. Serikali ilikuwa inawarudishia Wahindi mali zao na lile lilikuwa limeshapata mwenyewe, au mtoto wake, sikuuliza. Nilinunua soda. Mizani ilikuwa mpya.

Baba alikuja kuishi na mimi Kibra uzeeni. Alikuwa amebadilika kitu kimoja tu, redio. Alikuwa na mbili. Taarifa ya habari akiisikia kwenye moja anaizima, anakwenda kwenye ya pili, anatafuta BBC au Sauti ya Ujerumani, na kama hazikubaliani anasema haijatokea bado. Hata habari ya mvua. Wajukuu walimcheka sana.

Agosti 2003, Jumamosi, simu ikalia, ni ndugu yangu mkubwa kutoka Arua. Ananiambia mwambie mzee Amin amefariki Jeddah. Nikamwambia baba. Hakushtuka. Akauliza, "Nani kasema?" Nikamjibu, mwanao. Akanyamaza, akauliza, "Yeye kasikia redio gani?" Halafu akainuka na fimbo yake, akawasha ya kwanza, akangoja, wakasema. Akaizima. Akawasha ya pili, mikono inatetemeka na mshale hautulii, mpaka nikataka kumsaidia akanipiga mkono. Nayo ikasema. Akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akakaa, akanyoosha mkono.

"Lete simu niongee naye."

Nikamletea, akaiweka sikioni akaita jina lake mara mbili. Salio la ndugu yangu lilikuwa limekwisha zamani.